Jumamosi ni nne tu kwa mwezi

Barua ya kuacha kazi ilikaa kwenye droo ya kabati kwa muda mrefu, katikati ya risiti za umeme na kadi za kliniki za watoto. Mke aliiona mapema, siku alipokuwa akitafuta kadi ya bima ya afya. Haikuwa na tarehe wala saini. Akairudisha palepale na hakusema kitu. Alijua mumewe atalisema mwenyewe siku likimjaa.

Lilimjaa Jumapili moja ya Oktoba 2024, baada ya chakula cha usiku. Mume, karani wa ghala katika kampuni binafsi mjini Morogoro, alichukua kalamu na kupiga hesabu nyuma ya kadi ya mwaliko wa harusi. Mshahara baada ya makato ni Sh650,000. Kurusha droni kwenye harusi nne kwa mwezi, kila moja Sh200,000, ni Sh800,000.

"Siku nne tu, mama watoto," akasema. "Siku nne zinanilipa kuliko siku ishirini na sita za ghalani. Je, nikiwa huru mwezi mzima?"

Mke ni fundi cherehani. Alikuwa akitia uzi kwenye sindano na hakuinua kichwa.

"Baba watoto, Jumamosi ni ngapi kwa mwezi?"

"Nne. Mara chache tano."

"Ukiacha kazi zitaongezeka?"

Mume akacheka, akasema yeye hatanii. Mke akajibu kwamba naye hatanii.

Chombo cha mkopo wa kikoba

Droni ile iliingia nyumbani miaka mitatu kabla, ikiwa imeshatumika. Bei yake ilikuwa Sh2,300,000. Sehemu kubwa ilikuwa mkopo ambao mke aliuchukua kwenye kikoba chake kwa jina lake, akaulipa kwa kushona.

Mwanzoni ilikuwa kama mchezo. Mume aliirusha kwenye send-off ya binamu yake, na watu wakaishangaa picha ya ukumbi kutoka juu, magari yakiwa yamejipanga na milima ya Uluguru nyuma yake. Wiki iliyofuata simu mbili zikaja. Kikundi cha wapiga video za harusi kikamchukua awe anaongeza "picha za juu" kwenye kazi zao. Watoto wa mtaani wakaanza kumwita Baba Droni.

Alijifunza upesi kwamba kazi hii haitaki vidole vyepesi tu. Nchini Tanzania chombo kinasajiliwa, na ili ukirushe unahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), pamoja na idhini ya upande wa ulinzi. Huwezi kuamka asubuhi ukakirusha karibu na uwanja wa ndege, kambi ya jeshi au ndani ya hifadhi ya taifa. Makaratasi yale yalimla muda na fedha, ila alivumilia, kwa sababu kila mwisho wa mwezi mshahara uliingia.

Mke alilikumbuka hilo Jumapili ile. Alifungua daftari lake la ushonaji, lenye jalada lililochakaa, akamwonyesha Januari. Kurasa tisa zilijaa: sare za shule, sketi, kaptula, mashati meupe. Kisha akamwonyesha Machi. Nusu ukurasa.

"Januari nashona mpaka saa nane usiku," akamwambia. "Machi naikodolea macho mashine. Ningeihesabu Januari mara kumi na mbili, ningekuwa na ghorofa."

Wakakubaliana mambo matatu. Kwanza, asiache kazi kabla hawajaweka akiba ya miezi sita ya kodi ya nyumba, chakula na ada. Pili, kwanza apate wateja watatu ambao kazi yao inafanyika Jumatatu hadi Ijumaa. Tatu, siku ya kwanza ya kujitegemea, fedha ya kwanza iende kwenye bima ya afya. Mtoto wao wa pili, msichana wa miaka sita, ana pumu. Kwao kadi ile ilikuwa kitu cha lazima, si pambo la mkoba.

Walipanga Juni 2025. Mume alikubali. Akairudisha barua kwenye droo.

Desemba inavyodanganya

Kisha ikaja Desemba, na Desemba inamdanganya kila anayefanya kazi za sherehe. Zilikuwapo harusi, mahafali ya vyuo, ubarikio, familia zilizorudi kutoka Dar es Salaam na kutaka picha ya ukoo mzima uwanjani. Kufikia wiki ya tatu alikuwa ameshaingiza Sh1,900,000.

Jumamosi ya Desemba 21 alikuwa na harusi tatu. Ijumaa mchana mkuu wake wa kazi akatangaza kwamba kesho yake wafanyakazi wote wa ghala watahesabu mali mpaka jioni. Aliomba ruhusa na akanyimwa. Alihesabu magunia siku nzima huku simu ikitetemeka mfukoni, na harusi zote tatu akaenda mtu mwingine.

Jumatatu akaitia barua saini na kuikabidhi. Mshahara wake ulikuwa wa mwezi, kwa hiyo alitumikia notisi ya siku 28. Kazi ikaisha Januari 20.

Mkewe hakumwambia.

Alijipa sababu. Mke alikuwa kwenye sare, halali, asimwongezee mzigo. Angemwambia akishapata wateja wale watatu, ili iwe habari njema. Kwa hiyo kila asubuhi aliendelea kuvaa shati la kazi, akabeba chakula chake kwenye kontena, akatoka saa moja kasoro. Alikwenda kukaa kwenye duka la steshenari la rafiki yake, akihariri video za Desemba na kusubiri simu. Januari watu wanalipa ada. Simu haikulia.

Usiku wa kuamkia Jumapili ya pili ya Februari, saa nane, msichana alianza kukorota kifua. Dawa ya kuvuta ilikuwa imebaki kidogo. Wakamfunga khanga, wakachukua bodaboda mbili hadi hospitali. Mapokezi, dada wa zamu aliiingiza namba ya kadi kwenye kompyuta, akairudia tena.

"Mama, hii imesitishwa. Mwajiri ameshamwondoa mwanachama."

Mke alimtazama mumewe. Mume akatazama sakafu. Dada wa mapokezi, ambaye huenda ameshayaona mengi kwenye dirisha lile, akageuka kutafuta faili.

Mke alifungua pindo la khanga. Mlikuwamo Sh86,000, fedha za sare, ambazo kesho yake zilikuwa ziende kununua kitambaa. Akalipa. Mtoto akawekewa mashine ya mvuke, na kufikia alfajiri kifua kilikuwa kimetulia.

"Sasa wewe ni fundi kama mimi"

Kwa siku tatu nyumba ile ilizungumza kwa salamu tu. Mume alitegemea kelele, akakosa hata hizo. Alimwendea kaka mkubwa wa mkewe kuomba amwombee msamaha. Shemeji alimsikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwa upole: "Kuacha kazi si kosa. Kilichomuumiza ni kontena la chakula. Kila asubuhi alikuwa anakupikia safari ya uongo."

Siku ya nne mume alirudi mapema, akakaa kwenye kigoda karibu na cherehani, akasimulia yote tangu magunia ya Desemba 21. Hakujitetea. Alipomaliza, mke alisimamisha mashine.

"Sasa wewe ni fundi kama mimi," akamwambia. "Huna bosi, huna tarehe ya mshahara. Mimi nimeishi hivi miaka kumi na moja. Kaa nikufundishe."

Mume hakuwa amewahi kulitazama jambo kwa jicho hilo. Kwa miaka yote aliuona mshahara wake kuwa ndio nguzo, na ushonaji wa mkewe kuwa fedha ya mboga. Hakufikiria kwamba ndani ya nyumba yake alikuwamo mtu aliyekwisha kuijua kazi ambayo yeye alikuwa anaogopa kuianza.

Somo la kwanza lilikuwa gharama. Mke alimtaka aandike kila kinachotoka ili harusi moja ya Sh200,000 ifanyike. Nauli. Chakula. Vocha ya kutuma video. Propela zilizopinda. Betri, ambazo huchoka kadiri zinavyochajiwa, na kila moja humpa dakika ishirini na kitu tu angani. Siku nzima ya kuhariri. Ada za vibali ukizigawa kwa mwaka. Walipotoa yote, ilibaki kama Sh120,000. Hapo ndipo mume alipogundua kwamba miaka yote mshahara ndio uliokuwa ukinunua betri. Biashara aliyoiona inamlipa kuliko ghala ilikuwa inakula ghalani.

Somo la pili: kitambaa hakikatwi kabla ya malipo ya awali. Nusu kwanza, nusu siku ya kazi, kabla video haijatoka mkononi. Mume alisema wateja watakimbia. Mke akamjibu kwamba anayekimbia nusu ya kwanza ndiye angekimbia na ya pili.

Somo la tatu lilikuwa ndugu. Ndugu hupunguziwa, lakini bei kamili huandikwa kwanza kwenye daftari na punguzo chini yake, ili naye ajue amepewa nini. "Ukimfanyia bure," mke alisema, "hatajua kwamba ulimpa. Atafikiri haina bei."

Somo la nne lilikuwa kugawa. Kila fedha ikiingia, kabla ya kununua hata soda, inakatwa mafungu matatu: la chombo, la kadi, na la nyumba. La nyumba lenyewe halitumiki lote. Linalipa mshahara mdogo wa kila mwezi, ule ule Desemba na ule ule Machi.

Wiki mbili baadaye waliona kwa nini fungu la chombo linatangulia. Katika mahafali ya shule moja ya awali, mwewe aliyekuwa na kiota kwenye mti wa jirani aliishukia droni kama kifaranga. Ilianguka juu ya bati na kamera ikavunjika shingo. Fundi wa Dar es Salaam alitaka Sh480,000. Fungu lilikuwa na Sh60,000. Zilizobaki zilitoka kikoba, kwa mara nyingine kwa jina la mke, safari hii kwa maandishi kati yao wawili.

Kazi za siku za wiki

Mwaka ule Kwaresima na Ramadhani zote zilianza wiki ya kwanza ya Machi, na masika yalikuwa njiani. Wakristo waliahirisha harusi, Waislamu waliahirisha harusi, na mvua ikaahirisha yaliyobaki. Swali la Oktoba lilirudi, na safari hii halikuwa la kuchekesha: Jumamosi zikikosekana, Jumatatu hadi Ijumaa anafanya nini?

Mteja wa kwanza alikuwa mahali ambapo hakutaka kwenda. Mke ndiye aliyemkumbusha kwamba kila masika alikuwa akirudi nyumbani analalamika jinsi maghala yanavyovuja na jinsi vijana wanavyopandishwa juu ya bati linaloteleza ili kutafuta tundu. Mume alikaa na wazo hilo usiku mzima. Asubuhi alimpigia mkuu wake wa zamani, akamsalimu kwa heshima, akamwambia anaweza kuyapiga picha mapaa yote manne kwa asubuhi moja na kuonyesha kila msumari uliolegea, bila mtu kupanda. Mkuu yule alinyamaza kidogo, kisha akauliza bei.

Ilikuwa kazi yake ya kwanza ya ankara. Alihitaji namba ya mlipakodi na leseni ya biashara, na malipo yalipokuja kampuni ilikuwa imekata asilimia 5 ya kodi ya zuio na kumpa cheti chake. Mke alikitoboa cheti kile na kukifunga kwenye faili jipya.

Mvua zilipomfungia ndani, mume alisoma. Alikuta habari za mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, ambamo wanafunzi wa vyuo na wakazi walichora ramani za mitaa inayokumbwa na mafuriko, na droni zikatumika. Alisoma pia jinsi Zanzibar ilivyoanza mwaka 2016 kuipiga picha Unguja na Pemba kwa droni na kuziunga ziwe ramani. Akaona kwamba chombo chake kilikuwa na kazi nyingine kuliko kumzunguka bibi harusi.

Alijifunza kuirusha kwa mistari iliyonyooka kama anayelima kwa jembe la ng'ombe, kila picha ikirudia sehemu kubwa ya ile iliyotangulia, ili kompyuta ipate alama za kuziungania. Alijifunza kuweka alama za vitambaa vyeupe ardhini na kupima mahali pake. Programu za bure kama OpenDroneMap na QGIS zipo, ila kompyuta yake ilikuwa dhaifu. Ramani ya ekari ishirini iliunguruma usiku kucha karibu na cherehani, na mke akasema sasa wana mashine mbili zisizolala.

Kabla ya mavuno, wakulima wa mpunga upande wa Dakawa, wilayani Mvomero, walimwita. Ugomvi wao na wenye matrekta ulikuwa wa miaka: anayelima analipwa kwa ekari, na ekari ilipimwa kwa hatua za miguu. Alirusha siku mbili. Shamba lililokuwa likilipiwa ekari sita lilionekana lina tano na robo. Picha hiyo hiyo iliwaonyesha pembe ambazo maji hayafiki. Wenye matrekta hawakufurahi, lakini msimu uliofuata ukubwa wa kila shamba ulikuwa umeandikwa, na kelele zikapungua.

Mafanikio yale nusura yamponze. Mzee mmoja alimwomba amchoree mpaka wa kiwanja ili aupeleke kwenye baraza la ardhi kumshinda jirani. Fedha ilikuwa nzuri. Kabla ya kukubali alimuuliza mpima ardhi aliyesajiliwa, ambaye alimweleza bila kuficha: picha ya droni ni picha. Mpaka wa kisheria huwekwa na mpima mwenye sifa, na ramani yake hupitia kwa Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani. Akiuchora yeye, mzee atapoteza kesi na yeye atapoteza jina. Alimrudishia mzee malipo yake ya awali. Mwezi uliofuata mpima yule alimchukua awe anampigia picha za maeneo makubwa, na mpaka leo ndiye anayempa kazi za uhakika zaidi.

Mwaka mmoja baadaye

Hesabu za mwaka wa kwanza ziko kwenye daftari la pili, lenye jalada la bluu, kando ya lile la sare. Mwezi mbaya kuliko yote uliingiza Sh310,000. Mzuri kuliko yote, Sh2,400,000. Baada ya gharama, wastani wa mwezi umezidi mshahara wa ghalani kwa kiasi ambacho hakinunui gari. Ila bima imelipwa, michango ya NSSF anajipelekea mwenyewe, na deni la kikoba limeisha. Chini ya nusu ya mapato yametokana na Jumamosi.

Kuna vijana wanaomfuata kumuuliza kama waache kazi. Hawaambii waache wala wasiache. Huwauliza kazi yao inafanyika siku gani za wiki, mvua ikinyesha miezi mitatu watakula nini, na nani nyumbani anajua. La mwisho hulirudia mara mbili.

Mkewe hajasema kwamba amesahau usiku wa hospitali. Amesema tu kwamba siku hizi akiamka saa nane kumsikiliza mtoto anavyopumua, hahesabu tena fedha zilizo kwenye pindo la khanga.

Wiki ya pili ya Januari, shule zikikaribia kufunguliwa, sebule ilijaa mashati meupe. Mume hakuwa na kazi ya kurusha. Betri zake zilikuwa zinachajiwa kwenye waya wa umeme uleule wa cherehani, naye alikuwa ameketi kwenye kigoda, miwani puani, akishona vifungo. Alishafika shati la arobaini. Simu yake ikalia: harusi ya Februari, mteja anajulikana, ni mtu wa karibu, malipo wataongea siku yenyewe.

Mume aliziba simu kwa kiganja na kumtazama mkewe.

Mke hakuinua kichwa kutoka kwenye mashine. "Mwambie nusu kwanza," akasema.